Pumzi hutangulia, magoti hufuata

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nina miaka 43, mama wa watoto wawili, nafanya kazi wizarani Mtumba. Nilihamia Dodoma mwaka 2019 nikiwa na kilo 86. Leo nina kilo 104, na urefu wangu ni sentimeta 162. Mwezi uliopita nilijiunga na kundi la joging la mtaani kwetu. Jumamosi ya kwanza nilijikaza nikamaliza nao. Jumamosi ya pili goti la kulia likavimba, nikakaa nalo siku nne kitandani. Uvimbe umeisha ila kushuka ngazi bado kunauma. Presha nilipimwa ikasoma 148 kwa 92, sijapewa dawa. Vijana wa kijiwe cha bodaboda walinicheka siku ile, na tangu hapo naona aibu hata kuvaa raba. Nataka kuanza tena lakini naogopa. Nianzie wapi? Mama wa Ilazo.

Jibu: Dada yangu, karibu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nitaanza na lile goti kabla ya mengine, kwa sababu ndilo lililokutisha na ndilo lenye jibu la swali lako.

Mtu anapotembea, mguu unaotua chini hubeba uzito wake wote na ziada kidogo. Akikimbia, hata mkimbio wa taratibu kama wa joging, mguu ule ule hupokea mara mbili hadi tatu ya uzito wake kila unapotua. Piga hesabu kwa kilo zako 104: ni kati ya kilo 208 na 312. Gunia la mahindi ni kilo 100. Kwa hiyo kila ulipokanyaga, mguu mmoja ulibwagiwa magunia mawili hadi matatu, na kilometa moja ya mwendo huo ina hatua zaidi ya 1,000. Goti ambalo miaka kadhaa limekaa kwenye kiti cha ofisi, likapewa kazi hiyo asubuhi moja bila maandalizi, lazima livimbe. Goti la yeyote lingevimba. Usilichukue kama ushahidi kwamba wewe ni mvivu au kwamba mazoezi si ya watu wa umbo lako. Dozi ilikuwa kubwa mno, basi.

Nasema dozi kwa makusudi. Mgonjwa mwenye haraka ya kupona hamezi vidonge vya wiki nzima kwa siku moja. Kwenye mazoezi watu hufanya hivyo kila Jumamosi, na tunawapigia makofi.

Sasa nisikilize hapa, hata ukisahau mengine yote. Mwili haujirekebishi wote kwa mwendo mmoja. Moyo, mapafu na mzunguko wa damu ni wepesi kujifunza: ndani ya wiki mbili tatu za kutembea utashangaa ngazi za ofisini hazikukati pumzi kama zamani. Misuli nayo hufuata kwa karibu. Lakini kano zinazoshikilia misuli kwenye mifupa, gegedu linalofunika ncha za mifupa gotini, na mifupa yenyewe, hivyo hujijenga polepole, kwa miezi. Kwa hiyo kuna kipindi, kwa wengi ni kama wiki ya tatu hadi ya sita, ambapo mtu anajisikia mwepesi, pumzi ipo, hamu ipo, anaona muda wa kutambaa umekwisha. Anaongeza mwendo, anaongeza umbali, anapanda na mlima. Hapo ndipo anapoumia. Watu wengi ninaowapokea kwenye chumba cha mazoezi tiba hawakuumia siku ya kwanza. Waliumia pale walipoanza kuona raha. Pumzi hutangulia, magoti hufuata, na wewe utatembea kwa ratiba ya magoti.

Kabla ya hatua ya kwanza, yapo mambo machache ya kuweka sawa. Presha ya 148 kwa 92 haikuzuii kutembea. Tena kutembea ni sehemu ya tiba yake. Ila usiiache ikiwa kipimo kimoja. Rudi upimwe siku nyingine mbili tofauti, ukiwa umekaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu iko chini, hujatoka kunywa chai wala kahawa. Na mwombe anayekupima aangalie mkanda anaokuzungushia mkononi. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, mashine husoma presha ya juu kuliko iliyopo. Nimeona watu wakitiwa hofu na mkanda tu. Namba zikiendelea kuwa 140 kwa 90 au zaidi hata kwa mkanda unaokutosha, muone daktari akuambie kama unahitaji dawa. Zikifika 180 kwa 110, siku hiyo hakuna mazoezi, nenda hospitali. Hapo hapo omba upimwe na sukari, maana kwa urefu na uzito wako, uwiano wake, ule unaoitwa BMI, unakuja karibu 40, na kiribatumbo, yaani unene uliopita kiasi, huanza kuhesabiwa kwenye 30. Nakuambia wazi kwa sababu najua ungependa kuambiwa wazi. Sukari hupanda kimya kimya, na ni heri uijue sasa.

Kuna dalili ambazo zikitokea unasimama papo hapo na kutafuta matibabu: kifua kubana au kuuma unapotembea, hasa maumivu yakienda kwenye taya au mkono wa kushoto, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, moyo kupiga ovyo, pumzi isiyorudi hata baada ya kukaa dakika kumi, mguu mmoja kuvimba ghafla kwenye kigimbi. Na ikitokea umeanzishiwa dawa, muulize daktari zinaingilianaje na mazoezi. Baadhi ya dawa za sukari huweza kuishusha kupita kiasi ukiwa njiani, na anayezitumia atembee na kitu kitamu mfukoni. Dawa za presha kama atenolol huzuia mapigo ya moyo yasipande, kwa hiyo saa inayohesabu mapigo itakudanganya.

Nije kwenye kuanza. Wiki ya kwanza na ya pili, tembea dakika 10 kwa siku, siku tano katika wiki, mahali tambarare. Dakika tano kwenda, tano kurudi.

Najua unaona ni kidogo mno. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilikuwa nawapa watu karatasi yenye dakika 30 tangu siku ya kwanza, kwa kuwa ndicho kiwango ambacho mtu mzima anakihitaji. Wengi hawakurudi, na mimi nilidhani ni wavivu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba niliwapa mahali pa kufikia nikapaita mahali pa kuanzia. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima alenge dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu ya misuli siku mbili. Huko ndiko tunakokwenda. Lakini shirika hilo hilo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, liliondoa lile sharti la zamani kwamba zoezi lihesabiwe likifika dakika 10 mfululizo. Hata dakika tano zinahesabiwa. Anayetoka kwenye sifuri kwenda dakika 10 hupata faida kubwa kuliko anayetoka dakika 40 kwenda 50.

Wiki ya tatu na ya nne, dakika 15. Ya tano na ya sita, 20. Ya saba na ya nane, 25. Wiki ya tisa unaingia dakika 30 kwa siku tano, na hizo ndizo 150. Unaongeza dakika tano kila baada ya wiki mbili, basi, hata kama wiki ya nne unajisikia unaweza kufika Kisasa na kurudi. Wiki ya pili ya kila ngazi ni ya magoti, ili nayo yakufikie ulipo.

Mwendo uwe upi? Usihangaike na saa. Tumia mdomo. Ukiweza kuimba pambio zima bila kukata, ongeza kidogo. Ukiwa unaweza kujibu "ndiyo" na "hapana" tu, punguza. Unapotaka kuwa ni pale unapoweza kuongea sentensi nzima na mwenzako lakini kuimba kunakushinda. Mwendo huo kwako unaweza kuwa wa polepole sana leo, na baada ya miezi miwili ukawa wa haraka, bado mdomo ukisema vile vile. Ndiyo maana nakipenda kipimo hiki: kinakua na wewe.

Wengi waliokuja kutoka Dar huniambia Dodoma inawakata pumzi kwa sababu ya mwinuko. Mji wetu uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa mtu anayetembea, mwinuko huo ni mdogo, haupaswi kukutia shaka. Kinachopaswa kukushughulisha ni ukavu wa hewa. Pwani unaona jasho limelowesha nguo. Hapa linakauka kabla hujaliona, ukadhani hujatoa jasho. Kunywa maji glasi moja kabla ya kutoka na nyingine ukirudi, na miezi ya Oktoba na Novemba, jua linapokuwa kali kabla ya mvua, toka mapema. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo ni mkali. Anza kwa kuukabili ukiwa na nguvu, kisha urudi ukikusukuma mgongoni. Mvua zikianza kunyesha, njia zetu za mchanga na udongo huteleza. Siku hizo tembea kwenye korido au sebuleni, ukihesabu dakika zile zile.

Kuhusu goti lenyewe, usisubiri maumivu yaishe kabisa ndipo uanze, kwa sababu goti lisilotumika hudhoofika zaidi. Yape maumivu alama kutoka 0 hadi 10. Yakiwa kati ya 0 na 3 unapotembea, na asubuhi inayofuata yamerudi yalikokuwa, endelea. Yakifika 4 au 5, fupisha njia. Yakipita hapo, au goti likivimba tena, pumzika siku mbili kisha rudi ngazi moja nyuma. Goti likikwama lisinyooke, au likikuachia ghafla ukataka kuanguka, njoo lichunguzwe na mtaalamu wa mifupa au wa mazoezi tiba, huenda kuna kilichochanika ndani. Kwenye ngazi, shika kishikio. Kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza unaouma. Ni kanuni ya zamani ya wodini na inasaidia sana. Na yale maumivu ya misuli ya mapaja yanayokuja siku ya pili baada ya zoezi jipya yasikutishe. Hukaa siku mbili tatu yakaondoka. Misuli inayouma huuma huku na huku, pande zote mbili. Kiungo kinachouma unakinyooshea kidole.

Kuna sehemu ambayo wanawake wengi huiruka, na kwa goti lako naiona ni muhimu kama kutembea: nguvu ya mapaja. Msuli wa mbele ya paja ndio unaopokea mshindo kabla haujafika gotini. Ukiwa dhaifu, goti linapokea lenyewe. Huna haja ya jimu. Chukua kiti cha mezani, kiegemeze ukutani kisiteleze. Kaa, miguu ikiwa na nafasi katikati kama upana wa nyonga, inamisha kifua mbele kidogo, simama bila kujisukuma kwa mikono. Kisha kaa polepole ukihesabu moja, mbili, tatu. Kule kukaa polepole ndiko kunakojenga zaidi, kwa hiyo usijitupe kwenye kiti. Fanya mara nane, pumzika dakika moja au mbili, fanya nane tena. Ikikushinda, weka mto juu ya kiti kiwe kirefu zaidi, au anza kwa kushika meza. Hakuna aibu hapo.

Ongeza mengine matatu. Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani usawa wa kifua, kunja viwiko ukaribie ukuta, jisukume urudi. Shika meza, inuka kwa vidole vya miguu, shuka taratibu, ndiyo ya vigimbi na vifundo. Lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, nyanyua nyonga juu, hesabu tatu, shusha. Yote haya mara nane nane, siku mbili kwa wiki zisizofuatana, na hayazidi robo saa. Baada ya mwezi, badili kiti uchukue kifupi zaidi, kisha stuli. Mama zetu walikuwa wakiinuka kwenye kigoda cha jikoni mara ishirini kwa siku, wakitwanga, wakichota maji, bila kujua kwamba wanafanya mazoezi. Sisi tumepata gesi na bomba ndani, jambo jema kabisa, lakini mapaja hayakupewa kazi nyingine badala yake. Siku utakayoinuka kwenye kigoda bila kushika kitu, nitafurahi kuisikia kuliko kusikia umepungua kilo ngapi.

Nimekuona pia kwenye basi la wizara, dada. Unaamka, unakaa kwenye basi, unakaa ofisini, unakaa kwenye basi, unakaa mbele ya runinga. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walikuwa watu wa tabaka moja, wakifanya kazi katika basi moja, ila mmoja alikaa siku nzima na mwingine alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Makondakta waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva. Uchunguzi ule ndio uliowafanya madaktari waanze kulitazama suala la kukaa kwa jicho jingine. Wewe kazi yako ni ya dereva. Kila nusu saa simama, hata kwa dakika mbili. Faili la mwenzako wa chumba cha tatu lipeleke kwa miguu badala ya kumpigia simu. Na ukimaliza chakula cha mchana, kabla ya kurudi mezani, tembea koridoni dakika 10, maana misuli inayofanya kazi baada ya mlo huchukua sukari kutoka kwenye damu, na sukari haipandi sana. Dakika hizo zinaweza kuwa zile zile 10 za siku, kama asubuhi imekushinda.

Sasa niseme ukweli kuhusu mizani, kwa sababu mizani ndiyo inayowakatisha watu tamaa. Kutembea peke yake hakutakupunguza sana. Nusu saa ya mwendo wa kawaida kwa mtu wa kilo 104 hutumia takriban kalori 170. Soda moja ya mililita 350 ina kama 150. Chapati moja iliyokaangwa kwa mafuta ya kutosha inaweza kupita zote. Unaona mwenyewe kwamba huwezi kuikimbia sahani. Ukitaka kilo zishuke, uamuzi mkubwa uko mezani: sukari kwenye chai, soda, mafuta ya kukaangia, kimo cha ugali au wali. Mlenda, mchicha, maharage, samaki, hivyo vijaze nafasi. Sitakupa orodha ya chakula kwenye jibu hili, ni somo refu linalojitegemea, ila usiache mlo wa asubuhi ukatembea na njaa ukidhani ndiyo njia ya mkato.

Lakini nisikuache ukidhani ni bure. Nchini Marekani ulifanyika uchunguzi uliohusisha watu 3,234 wenye uzito mkubwa ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda bila kufikia kisukari. Kundi moja liliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya dakika 150 za mazoezi kwa wiki, na wengi walichagua kutembea kwa haraka. Matokeo yalitoka mwaka 2002: kwa muda wa karibu miaka mitatu, kundi hilo lilipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58 likilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliotumia metformin, dawa ya kisukari, walipunguza kwa asilimia 31. Kwako asilimia 7 ni kilo 7 na kidogo. Haikuhitaji uwe mwembamba. Na kwa goti, kuna vipimo vilivyoonyesha kwamba kila kilo moja inayoondoka mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua. Kilo 7 ni nafuu ya kilo 28 kwa kila hatua. Ndiyo maana namwambia mgonjwa apime uzito mara moja kwa wiki, siku ile ile, kisha kiuno kwa utepe wa fundi cherehani mara moja kwa mwezi. Mara nyingi utepe, usingizi na presha huonyesha mabadiliko mizani ikiwa bado imesimama.

Wapo watakaokuuzia mikanda ya kukaza tumbo, chai za kupunguza unene, na nailoni za kujifunga ili utoe jasho. Pesa hiyo nunua raba. Jasho ni maji. Ukinywa glasi mbili limerudi. Nailoni juani, hapa kwetu, inaweza kukuangusha. Wala hakuna zoezi la tumbo linaloyeyusha mafuta ya tumbo pale pale.

Raba za mtumba pale Sabasaba zinafaa kabisa ukijua kuchagua. Igeuze, tazama soli: isiwe imeisha upande mmoja wa kisigino, maana itakupindisha kama ilivyompinda mwenyewe wa kwanza. Ikunje, ipindie kwenye vidole, si katikati. Ijaribu jioni, mguu ukiwa umetanuka, na uache nafasi ya kidole gumba mbele. Ndani vaa soksi, na kila jioni tazama nyayo zako, hasa kama kipimo cha sukari kitakuja kibaya. Mapaja yakisuguana, paka mafuta ya mgando au vaa taiti fupi chini ya gauni. Sidiria iwe ya kubana vizuri. Nayataja kwa sababu michubuko imewarudisha nyumbani wanawake wengi kuliko uchovu, na hawasemi.

Wale vijana wa kijiweni. Pole sana. Kucheka mtu anayejitibu ni ukatili, na umri hauwapi udhuru. Sitakuambia uwapuuze, kwa sababu najua kicheko kinavyoingia mwilini. Badala yake tuchague njia. Toka karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kumekwisha kucha na mitaa bado haijachangamka. Gizani usitoke peke yako, kuna mbwa na kuna watu. Pita njia isiyopita kijiweni kwa wiki hizi za mwanzo. Tafuta mwenzako mmoja wa mwendo wako, jirani au mama wa jumuiya yenu, kwa sababu watu wawili wanaotembea wakiongea hawaonekani kama wanaofanya mazoezi, wanaonekana kama wana safari zao. Ukikosa wa kwenda naye, uwanja wa shule baada ya wanafunzi kuondoka unafaa. Wapo pia wanaozunguka Nyerere Square. Ni tambarare, na huko hakuna anayekujua.

Jiandae na siku za kukosa. Unafanya kazi wizarani, kwa hiyo kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la Bajeti likiwa limekaa, utatoka ofisini usiku. Usipange kupanda ngazi mpya miezi hiyo. Shikilia 10 za mchana tu, zisife. Msiba, malaria, safari ya kijijini, vyote vitakuja. Ukikosa siku tatu nne, endelea ulipokuwa. Ukikosa wiki mbili au tatu, rudi ngazi moja nyuma. Ukikosa mwezi na zaidi, anza kwenye dakika 10 bila kujilaumu. Safari hii utapanda kwa urahisi zaidi kuliko mara ya kwanza.

Utaniuliza: na joging je? Kundi lako usiliage. Ukishamudu dakika 30 kwa wiki nne bila goti kulalamika, mwombe kiongozi akuruhusu utembee nyuma, au utangulie ukawasubiri kwenye mazoezi ya viungo. Ukitaka kuonja kukimbia, iwe baada ya miezi mitatu au minne ya kutembea, na iwe dakika moja ya kukimbia taratibu kwa tatu za kutembea, mara tano, siku mbili kwa wiki. Wakati huo usibadilishe kingine. Ama unaongeza muda, ama mwendo, ama mlima. Viwili kwa pamoja hapana. Mlima wa Mlimwa hauhami. Na kama hutaki kukimbia kamwe, afya yako haitapungukiwa kitu. Kuna watu wametembea maisha yao yote na mioyo yao imenishangaza.

Presha ukishapima hizo siku mbili, niandikie namba zake na ukubwa wa mkanda uliotumika. Kwa leo weka raba mlangoni. Kesho saa kumi na mbili na nusu, dakika tano kwenda, tano kurudi. Ukifika getini ukaona bado una hamu ya kuendelea, ingia ndani ukaoge.